Kilo zako zinasemaje? Namna ya kupima BMI, kuisoma, na kujua inapopotosha

Kariakoo huwezi kumaliza mtaa bila kuisikia ile mashine yenye sauti ya kurekodiwa: karibu upime uzito, karibu upime urefu. Unapanda, chuma kinashuka kugusa utosi, unalipa, unapewa kikaratasi chenye namba tatu. Mbili za kwanza kila mtu anazielewa. Ya tatu, iliyoandikwa BMI, yaani uwiano wa uzito wako na urefu wako, ndiyo inayoniletea watu mlangoni.

Mama mmoja muuza vitenge alinijia na cha kwake amekikunja ndani ya pochi: kilo 78, sentimita 162, BMI 29.7. "Dokta, hii ishirini na tisa ni ya nini? Maana mume wangu anasema nimenawiri." Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, lakini ukishavaa koti jeupe wewe ni dokta tu. Nitamtumia yeye kama mfano hadi mwisho. Kachukue mizani, futi ya fundi cherehani na uzi mrefu kidogo, twende naye hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Pima uzito kwa mizani isiyosema uongo

Mizani ikae kwenye sakafu ngumu na tambarare, saruji au vigae. Si kwenye kapeti, si kwenye mkeka. Nilipokuwa mgeni kazini nilikaa miezi kadhaa kwenye kliniki moja ambayo mizani yake ilikuwa juu ya kapeti nene, eti ofisi ipendeze. Watu wakawa wanapungua kilo mbili, tatu, tunapongezana. Siku dada wa usafi alipolitoa kapeti kwenda kulifua, kilo zote zikarudi kwa wenyewe.

Kama huiamini mizani yako, tafuta mfuko wa unga wa kilo 25 ambao haujafunguliwa. Panda peke yako, soma. Panda tena ukiwa umeubeba, soma. Tofauti iwe 25. Ikipishana kidogo si neno. Ikisema 22 au 28, mizani hiyo ni pambo.

Muda mzuri ni asubuhi, umetoka chooni, hujanywa chai. Viatu pembeni, simu na funguo mezani, nguo nyepesi. Usishtuke ukipima jioni ukakuta umeongezeka kilo nzima. Ni maji, ni chakula kilichomo tumboni, ni chumvi ya jana, na kwa wanawake ni siku za mwezi pia. Mafuta ya mwilini hayapandi kilo kwa siku moja.

Hatua ya 2: Pima urefu, na ufungue kilemba

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, kwa sababu kila mtu anajiona mrefu kuliko alivyo. Simama bila viatu, mgongo ukutani. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele moja kwa moja, si juu. Mtu mwingine alaze kitabu kigumu juu ya kichwa chako, upande mmoja ukiwa umebana ukuta, akibonyeze hadi kiguse fuvu, halafu apige alama ya penseli chini yake. Pima kuanzia sakafuni hadi kwenye alama.

Wigi linatoka. Kilemba kinafunguliwa. Rasta zilizofungwa fundo utosini zinashushwa. Fundo la sentimita tatu si dogo hata kidogo: mama wa vitenge akiandikiwa 165 badala ya 162, BMI yake inashuka kutoka 29.7 hadi 28.7 na hajapunguza hata gramu.

Ukiwa na urefu wa futi na inchi, zidisha futi kwa 30.48 na inchi kwa 2.54, ujumlishe. Futi 5 na inchi 4 ni kama sentimita 162.5.

Hatua ya 3: Gawanya mara mbili

BMI ni uzito kwa kilo, ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Wengi wakifika kwenye "kipeo cha pili" wanakumbuka fimbo za mwalimu wa hisabati na kuacha. Iko njia ya mkato kwenye kikokotoo cha simu: gawanya uzito kwa urefu, halafu jibu ulilopata ligawanye tena kwa urefu uleule.

78 ÷ 1.62 = 48.15
48.15 ÷ 1.62 = 29.7

Kosa linalojirudia ni kuandika 162 badala ya 1.62. Ukipata jibu la 0.00 na kitu, tatizo ni nukta.

Hatua ya 4: Soma jibu

Mipaka inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni hii:

Chini ya 18.5: uzito pungufu
18.5 hadi 24.9: uzito unaofaa
25 hadi 29.9: uzito uliozidi
30 na kuendelea: kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza

Kiribatumbo nacho kina ngazi: 30 hadi 34.9, 35 hadi 39.9, kisha 40 na zaidi, ambako hatari ni kubwa. Upande wa chini, chini ya 17 ni utapiamlo wa kushughulikiwa mapema na chini ya 16 ni mkali.

Mwili wako haujui kama kuna mstari kwenye 25 au 30. Mwenye 29.9 na mwenye 30.1 ni watu walewale. Hatari hupanda polepole kama ngazi ya mnazi, haina ghorofa. Wenye asili ya Asia, na Dar, Unguja na Mombasa tunao wengi, huanza kupata kisukari na matatizo ya moyo kwenye uzito mdogo zaidi. Kwao hatari inahesabiwa kupanda kuanzia 23, na kuwa kubwa kuanzia 27.5.

Ukitaka kujua uzito unaofaa urefu wako, geuza hesabu: urefu mara urefu mara 18.5 ni kiwango cha chini, urefu mara urefu mara 24.9 ni cha juu.

Mita 1.50: kilo 42 hadi 56
Mita 1.60: kilo 47 hadi 64
Mita 1.70: kilo 53 hadi 72
Mita 1.80: kilo 60 hadi 81

Kwa mama wa vitenge, mwenye 1.62, ni kilo 49 hadi 65. Alipoisikia 65 alicheka: "Hizo mara ya mwisho nilikuwa nazo siku ya ndoa." Usikimbie bado, tutairudia.

Namba hii ilitoka wapi

Kanuni hii haikutungwa na daktari. Ilianza miaka ya 1830 kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtu wa nyota na takwimu, aliyekuwa akitafuta vipimo vya "mtu wa wastani" katika umati. Hakuwa na mgonjwa mbele yake. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972, Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipolinganisha kanuni kadhaa kwa vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano. Wanaume watupu. Walichotaka ni njia rahisi ya kukisia mafuta kwenye makundi ya watu, na kwa kazi hiyo inafaa kweli. Kumsomea mtu mmoja hukumu ni kazi nyingine.

Kuna watu ambao BMI haiwafai, au haiwafai peke yake:

Mjamzito. Inatumika ile ya kabla ya mimba, kukadiria aongezeke kiasi gani. Aliyeanza na uzito unaofaa hutarajiwa kuongeza kama kilo 11.5 hadi 16 mpaka kujifungua.

Watoto na vijana chini ya miaka 19. Wana chati zao za umri na jinsia. Usimpime binti wa kidato cha pili kwa mipaka ya mama yake, halafu ukamwambia maneno atakayoyabeba miaka ishirini.

Mwenye miguu au tumbo lililovimba maji. Mizani inapima maji pamoja na mtu.

Wazee. Urefu hupungua, misuli hupungua, mafuta yanajificha nyuma ya namba nzuri. Mzee anayepungua bila kutaka ananitia wasiwasi kuliko mzee mnene kidogo.

Na wenye misuli. Hawa nieleze zaidi, maana ndio wanaonifanya niing'ang'anie futi.

Chukua wanaume wawili, wote mita 1.70. Wa kwanza ni mbeba mizigo sokoni, kilo 82. BMI 28.4: uzito uliozidi. Ukimtazama mabega na mapaja unaona hizo kilo zimekaa wapi. Kiuno chake sentimita 83. Wa pili ni karani, kilo 70, BMI 24.2. Kikaratasi cha mtaani kitamwambia yuko vizuri. Mikono myembamba, miguu myembamba, na mbele kuna kitambi kinachofungua kifungo cha shati: sentimita 98. Ukiniuliza nani akapimwe sukari wiki hii, nitakuonyesha karani. Mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayovuruga sukari na mafuta ya damu na kupandisha presha. Yale ya nyonga na mapaja hayana makali hayo. BMI haiwezi kukuambia kilo zimekaa wapi.

Si mawazo yangu peke yangu. Januari 2025 jopo la wataalamu wa kimataifa lilichapisha katika jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology kwamba kiribatumbo kisitambuliwe kwa BMI pekee; ipimwe na kiuno au mafuta yenyewe, na iangaliwe kama viungo vimeanza kuathirika.

Hatua ya 5: Pima kiuno

Inua nguo, futi iguse ngozi. Papasa mbavu ya mwisho ubavuni, kisha papasa juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo pa kupima. Si pale unapofungia mkanda wa suruali. Wanaume wengi wenye kitambi hufunga suruali chini yake na kuapa kwamba wanavaa saizi 34 tangu chuo. Futi izunguke sawasawa, isibane, isilegee. Pumua kawaida, toa pumzi, soma. Ukijiona umebana tumbo, rudia.

Mwanamke: kuanzia sentimita 80 hatari imeanza kupanda, kuanzia 88 ni kubwa.
Mwanamume: kuanzia 94 hatari imeanza, kuanzia 102 ni kubwa.

Huna futi? Chukua uzi. Mtu akupime nao urefu wako wote, utosini mpaka kisigino, ukate. Ukunje katikati mara moja, halafu uzungushe kiunoni. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni habari njema. Zisipokutana, nafasi iliyobaki ndiyo kazi yako. Napenda kipimo hiki kuliko vyote kwa sababu hakina kilo wala hesabu, na mtu anakwenda nao nyumbani.

Uzi wa mama wa vitenge, wa sentimita 81 baada ya kukunjwa, uliacha pengo la 13. Kiuno 94. Akautazama muda mrefu kuliko alivyokitazama kile kikaratasi.

Hatua ya 6: Namba zako zikipanda, nenda ukapimwe damu na presha

BMI ya 25 au zaidi, au kiuno kilichopita mipaka, maana yake ni safari ya kituo cha afya, si dawa. Pima presha ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano. 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, ni presha ya juu. Pima sukari kabla ya kula asubuhi, 7.0 (milimoli kwa lita) au zaidi inahitaji kuthibitishwa, huenda ni kisukari. Mama wa vitenge: presha 146 kwa 92, sukari 5.8. Presha ndiyo iliyotupa sababu ya kuanza. Si umbo wala maneno ya watu.

Hatua ya 7: Chagua lengo dogo

Sasa turudi kwenye ile 65 iliyomchekesha. Usiitafute. Mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia 5 tu ya uzito wake, presha na sukari huanza kusikia. Asilimia 10 ni bora zaidi. Asilimia 5 ya 78 ni kilo 4. Kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki ni miezi miwili, na kwa maisha yetu ya misiba, harusi na Idi, sema mitatu au minne. Anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi anakuuzia kitu.

Kazi kubwa iko sehemu mbili ambazo hatuziiti chakula: chai na mafuta.

Hesabu chai. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, ni vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu wa kalori 2,000, na ikishuka hadi 25 ni vizuri zaidi. Kwa hiyo chai peke yake imeshamaliza fungu, bado soda. Soda ya kola ya mililita 350 ina kama gramu 37, vijiko tisa. Usiache ghafla ukaichukia chai. Shusha kutoka vitatu hadi viwili kwa wiki mbili, ulimi uzoee, halafu kimoja.

Mafuta: kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, yawe ya alizeti, ya nazi au ya mawese. Tunayamimina kutoka kwenye dumu kwa macho. Mwambie anayepika apime kwa kijiko wiki moja tu, aone. Mama wa vitenge aliniletea jibu mwenyewe: sufuria ya mchicha wa watu watano ilikuwa inakula vijiko kumi, akaishusha hadi vinne, na hakuna nyumbani aliyegundua.

Ugali usiuache, ni kupoteza muda. Utaurudia Jumapili kwa hasira. Punguza tonge na uongeze pembeni. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na nyingine, robo ugali au wali, robo maharage, dagaa, samaki au nyama. Chipsi mayai si mlo wa kila jioni. Matunda yaliwe, yasikamuliwe juisi.

Kisha miguu. Dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa nguvu lakini bado unaweza kuongea. Kushuka kituo kimoja kabla na kumalizia kwa mguu kunatosha kuanzia. Mwendo peke yake hupunguza kilo kidogo, lakini hushusha presha hata mizani isipocheza.

Ukiwa chini ya 18.5

Wembamba wa kuzaliwa upo, lakini mtu mzima aliyekuwa na nyama zake na sasa anapungua bila kutaka ni suala jingine. Aliyepoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kujipangia aende hospitali: kifua kikuu, VVU, kisukari, tezi ya shingo na saratani vyote vinaweza kuanza hivyo. Kikohozi cha wiki mbili pamoja na kukonda, usisubiri wiki ya tatu. Ukishapimwa, ongeza chakula chenye nguvu ndani ya kile unachokula tayari: karanga za kusaga kwenye uji, parachichi, yai, maziwa, kijiko cha mafuta juu ya maharage. Kula kidogo, mara nyingi.

Vidonge vya kunenepesha mwili na makalio vinavyouzwa kwa siri kwenye saluni na mitandaoni, achana navyo. Mara nyingi ni deksamethasoni, ambayo ni steroidi, au saiproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Steroidi hiyo inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, na ukiizoea kisha ukaiacha ghafla unaweza kuzimia. Kama umeshakuwa ukiitumia kwa wiki kadhaa, usiikate mwenyewe, mwone daktari. Chai za kupunguza tumbo nazo nyingi ni za kuharisha tu. Unapoteza maji, kitambi kipo palepale.

Hatua ya 8: Rudia kipimo, na uwe na jibu la majirani

Uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, mizani ileile. Kiuno mara moja kwa mwezi. Andika kwenye daftari, siyo kichwani.

La majirani ni gumu kuliko la mizani. Watu wa umri wangu tuliwaona jamaa zetu wakikonda na kuzikwa kabla ya dawa za kufubaza virusi kuenea, na kumbukumbu hiyo haijatoka machoni. Mtu akipungua kilo nne mtaa mzima unamtazama shingo. "Umekonda, unaumwa?" Nimeona wengi wakirudia soda kwa sababu ya swali hilo tu. Waambie wa nyumbani mapema, kabla hujaanza, na uwape namba ya presha, siyo ya kilo. Presha hakuna anayeibishia.

Mama wa vitenge alirudi mwezi wa nne tangu tuanze. Kilo 74.5, BMI 28.4. Kwa kikaratasi cha mtaani bado ni "uzito uliozidi", herufi zilezile. Presha 134 kwa 84. Alitoa uzi wake kwenye pochi, umeingia weusi, akauzungusha juu ya dera: pengo la sentimita 9.

"Na mume?" nikamuuliza.

"Amesema nimechakaa. Nimemwambia naye alete tumbo lake tulipime." Akaomba nimkatie uzi mwingine, mrefu zaidi.